Chungu, Udongo na Mfinyanzi: Mafundisho ya "Kutokuwa Wawili" Yanasema Nini?

Maneno ambayo zamani yalisomwa na wanafunzi wachache wa falsafa na teolojia yamefika sasa hadi vijiweni Mwanjelwa na kwenye mabweni ya vyuo vya Mbeya na Iringa. Kijana anatumiwa kwenye simu video ya dakika mbili inayomwambia kwamba yeye na Mungu si wawili, kwamba nafsi anayoijua ni ndoto, na kwamba akifumba macho na kutulia atagundua kuwa yeye ndiye ulimwengu wote. Mama yake, aliyelelewa katika Kanisa la Moravian na ambaye siku hizi anasali kwa Wapentekoste, anaisikia video hiyo hiyo na kuhitimisha kwamba mwanawe ameingizwa kwenye dini ya mapepo. Mchungaji anakemea, kijana ananuna, na maswali yenyewe yanabaki bila kuguswa: mafundisho haya yanasema nini, yametoka wapi, na je, yote yanasema jambo moja?

Jibu langu, nitakalolijenga hatua kwa hatua, ni kwamba hayasemi jambo moja. Mila hizi zinakaribiana sana katika namna ya kukaa kimya, na zinaachana sana katika maelezo ya kile kinachojulikana ndani ya ukimya huo. Anayechanganya mambo hayo mawili, awe anasifu au analaani, hawatendei haki watu waliotumia karne nyingi kuyatenganisha kwa uangalifu, na baadhi yao kwa gharama ya maisha yao.

Tuanze na maneno. Uwili ni hali ya kuona pande mbili zilizotengana: mimi na ulimwengu, mja na Mola, anayeona na kinachoonwa. Fundisho la kutokuwa wawili ni lile linalodai kwamba utengano huo, kwa namna fulani, si neno la mwisho. Uzito wote uko katika hayo maneno "kwa namna fulani", kwa sababu kila mila inayajaza kivyake. Neno la pili ni taamuli. Wakatoliki hulitumia kwa sala ya kimya, ambayo ndani yake mtu hatungi maneno wala hapangi hoja, bali anakaa mbele ya Mungu. Hapa nitalipanua kidogo, limaanishe zoezi lolote la kuituliza na kuikusanya nia kwa ajili ya kujua ukweli wa ndani kabisa. Fundisho na zoezi ni vitu viwili tofauti: mtu anaweza kufanya zoezi bila kulikubali fundisho, na wengi zaidi hulirudia fundisho bila kufanya zoezi hata siku moja.

Udongo wa Svetaketu

Kwa msomaji wa nyanda zetu, njia nyepesi ya kuingia katika jambo hili inapita Matema, kwenye ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Kinamama wa Kikisi wanaoishi Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, wanafahamika kwa ufinyanzi. Mama anaukanda udongo mpaka ulainike, anauinua kwa mikono kuwa ukuta wa duara, anaukwangua ndani ili unene ulingane, anausugua nje mpaka ung'ae, anauanika, kisha anauchoma. Jioni pana vyungu vya kupikia, mitungi ya maji na vibakuli, na kila kimoja kina jina, kazi na bei yake. Asubuhi palikuwa na tonge moja tu la udongo.

Mfano wa udongo na chungu ni wa kale kabisa katika mada hii. Katika Upanishadi, maandiko ya India yenye umri wa zaidi ya miaka 2,500, tunasimuliwa habari za kijana Svetaketu, aliyepelekwa kwa mwalimu akiwa na miaka 12 na kurudi akiwa na miaka 24, amejaa elimu na kiburi. Baba yake, Uddalaka, anamuuliza kama amejifunza lile ambalo mtu akilijua, mengine yote yanajulikana. Kijana hajawahi kulisikia. Ndipo baba anapomwambia kwamba mtu akilijua tonge moja la udongo, amevijua vyombo vyote vya udongo, kwa kuwa tofauti za vyombo ni majina tu, na kilicho kweli ni udongo. Mazungumzo yao yanaendelea mpaka kwenye kauli ambayo baba anairudia tena na tena: "Hicho ndicho wewe, Svetaketu."

Shankara, mwalimu wa karne ya 8 hivi, anayesemwa kuwa alizaliwa Kaladi katika Kerala ya leo, ndiye aliyeijengea kauli hiyo mfumo unaoitwa Advaita Vedanta; neno "advaita" lenyewe maana yake ni "si wawili". Kwake, ukweli ni mmoja tu, nao unaitwa Brahmani: si mungu mmoja miongoni mwa miungu, wala kitu kikubwa kuliko vitu vingine, bali kuwepo kwenyewe na ufahamu wenyewe, bila mipaka. Kilicho ndani kabisa ya mtu, kinachoitwa Atmani, si kipande cha Brahmani wala cheche yake. Ni Brahmani yule yule. Ulimwengu wa majina na maumbo si uongo mtupu, maana maji tunayanywa na mwiba unatuchoma, lakini hauna kuwepo kwake wenyewe, kama vile chungu kisivyo na kuwepo kwake kando ya udongo. Gaudapada, anayehesabiwa kuwa mwalimu wa mwalimu wake Shankara, alitazama sehemu nyingine ya chungu hicho, yaani nafasi iliyo ndani yake. Tunasema nafasi ya ndani na nafasi ya nje, lakini chungu kikivunjika hakuna nafasi iliyosafiri kwenda kuungana na nyingine. Tangu mwanzo haikuwahi kugawanyika.

Hapa ndipo video zinapoharibu. "Wewe ni Brahmani" haimaanishi kwamba mtu huyu mwenye jina hili, deni hili na kiburi hiki ndiye Mungu. Mtu huyo, kwa hesabu ya Shankara, ni chungu. Kinachosemwa kuwa si cha pili ni kile kinachobaki majina na maumbo yote yakishaondolewa. Tena Shankara hakumruhusu kila mpita njia kuingia darasani. Alidai kwanza mwanafunzi aweze kupambanua kinachodumu na kinachopita, aache kutamani matunda ya dunia hii na ya mbinguni, awe na utulivu, kujitawala na uvumilivu, na awe na kiu halisi ya kuwekwa huru. Mtu anayeambiwa leo kwamba yeye ni ulimwengu wote, na kesho anauziwa kozi ya kuvuta utajiri, ameruka masharti yote manne.

Ni vyema pia ieleweke kwamba ndani ya dini ya Kihindu kwenyewe wengi hawakukubaliana na Shankara. Ramanuja, aliyefariki mwaka 1137, alisema vyungu ni vya kweli na nafsi ni za kweli, nazo ni kama mwili wa Mungu: haziwezi kutenganishwa naye, lakini hazifutiki ndani yake, kwa maana upendo unahitaji anayependa na anayependwa. Madhva, katika karne ya 13, alikwenda mbali zaidi na kutetea uwili waziwazi. Kwa hiyo anayesema "Wahindi wanaamini kila kitu ni Mungu" amekosea, na kwetu anakosea mara mbili, kwa sababu wafanyabiashara wa Uhindini Mbeya au wa katikati ya mji wa Iringa ambao wengi huwaita "Wahindi" si wote Wahindu. Wamo Waismailia na Waislamu wa madhehebu mengine.

Kaskazini kabisa mwa India, huko Kashmiri, wafuasi wa mungu Shiva walifundisha namna nyingine ya kutokuwa wawili. Abhinavagupta, aliyeishi kuelekea na baada ya mwaka 1000, hakuuona ulimwengu kuwa majina matupu. Kwake udongo una uhai na furaha, nao unajigeuza kuwa vyungu kwa hiari yake. Kazi ya mtu ni kuitambua furaha hiyo katika kila kinachotokea, wala hahitaji kuukimbia ulimwengu.

Ambapo hata udongo haupatikani

Ubuddha mara nyingi huwekwa katika kapu moja na Advaita, na hilo ndilo kosa linalonisumbua zaidi, kwa kuwa pande hizi mbili zilibishana kwa karne nyingi na kila upande ulijua vizuri kwa nini unabisha. Buddha alifundisha kwamba katika mtu hakuna Atmani, hakuna kiini kisichobadilika. Nagarjuna, katika karne ya 2 au ya 3, aliifikisha hoja hiyo mwisho wake. Ukikichunguza chungu, alivyoona yeye, hukuti kiini cha chungu: unakuta udongo, maji, moto, mikono, mteja, na jina ambalo watu wamekubaliana. Ila usisimame hapo ukidhani umepata kitu cha kudumu katika udongo, maana nao umetokana na miamba, mvua na muda. Hakuna mahali unapofika ukaweka mguu juu ya kitu kinachosimama chenyewe. Hali hiyo ya kutokuwa na kiini ndiyo inayoitwa utupu.

Wengi husikia "utupu" wakadhani Wabuddha wanasema hakuna chochote. Nagarjuna alilikataa hilo waziwazi: kuwa mtupu na kutokea kwa kutegemeana ni jambo moja. Chungu kinapika maharage kwa sababu hakina kiini, kwani kingekuwa na kiini kisichobadilika kisingeweza kufinyangwa, kuchomwa, kupata moto wala kuvunjika. Basi kutokuwa wawili kwa Nagarjuna hakumaanishi kwamba vyote ni kitu kimoja. Ni kwamba mimi na ulimwengu, na hata kifungo cha maisha haya na uhuru wenyewe, havina mpaka wa asili unaovitenga. Shankara anakuambia uchimbe hadi ufike kwenye mwamba. Nagarjuna anakuonyesha kwamba mwamba haupo, na kwamba kuutafuta ndiko kunakokuchosha.

Nyumba ya mfinyanzi

Wakristo na Waislamu wa kwetu wanaposikia mfano wa chungu huuliza swali la haki kabisa: mfinyanzi yuko wapi? Nabii Isaya anasema, "Sisi tu udongo, nawe u mfinyanzi wetu; sisi sote tu kazi ya mikono yako." Yeremia alitumwa kwenye nyumba ya mfinyanzi ajifunze kwa macho. Kurani nayo inasema mtu aliumbwa kwa udongo mkavu kama wa vyombo vya kufinyanga. Katika picha hii kuna wawili, na mmoja wao si mwingine. Hapo ndipo penye tofauti ya msingi, na haifai kuifunika kwa maneno ya adabu.

Hata hivyo, ndani ya dini hizi mbili kumekuwapo watu walioukaribia mpaka huo sana. Katika Uislamu, al-Hallaj aliuawa Baghdad mwaka 922, naye anakumbukwa kwa kusema "Ana'l-Haqq", yaani "Mimi ndiye Kweli", na Kweli ni mojawapo ya majina ya Mungu. Waliomsikia kwa sikio moja walisikia mtu anayejifanya Mungu, na waliomsikia kwa sikio lingine walisikia mtu ambaye nafsi yake ilikuwa imefutika hata hakubaki wa kusema "mimi" ila Mungu. Junayd, mwalimu mkubwa wa mji huo huo aliyefariki mwaka 910, alikuwa ameshasisitiza kwamba kufutika huko, kunakoitwa fanaa, hakutoshi. Lazima kufuatwe na baqaa, kurudi katika uzima wa akili, sheria na utumishi. Baadaye Ibn Arabi, aliyezaliwa Murcia mwaka 1165 na kufariki Damascus mwaka 1240, alifundisha kwamba kuwepo kwa kweli ni kwa Mungu peke yake, na viumbe ni madhihirisho yake. Lakini hakuacha kusema kwamba mja hubaki mja na Mola hubaki Mola. Mafundisho yake yalikuja kuitwa umoja wa kuwepo, wahdat al-wujud. Ahmad Sirhindi wa India, aliyefariki mwaka 1624, aliyasahihisha kwa namna inayonivutia kwa uangalifu wake: umoja huo ni wa kushuhudia, si wa kuwepo. Aliyezama katika kumtazama mfinyanzi haoni vyungu tena, lakini vyungu viko pale pale.

Kwa Wakristo, Meister Eckhart, mtawa wa Kidominiko wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1328 hivi, alihubiri kwamba kilindi cha roho na kilindi cha Mungu ni kilindi kimoja. Mwaka 1329 Papa Yohane wa 22 alizilaani au kuzitilia shaka hoja 28 zilizotokana na mafundisho yake. Wakristo wa Mashariki walipata njia nyingine. Gregory Palamas, aliyefariki mwaka 1359, alitofautisha asili ya Mungu, ambayo hakuna kiumbe anayeweza kuishiriki, na nguvu za Mungu, ambazo ni Mungu kweli na ambazo mtu anaweza kuunganishwa nazo. Ndiyo namna walivyouelewa ule waraka wa pili wa Petro unaosema tupate kuwa "washirika wa tabia ya Uungu". Muungano unaosemwa hapo ni wa kina kuliko wengi wetu tulivyofundishwa katika darasa la Kipaimara, na bado chungu hakijawa mfinyanzi.

Kukaa kimya, kwa karibu

Tukiyaacha maelezo tukawatazama watu wenyewe wakiwa kazini, tutaona kufanana kunakowadanganya wengi. Katika nyumba ya Zen ya Kisoto, mapokeo ya Kibuddha yaliyoanzishwa Japani na Dogen baada ya kurudi kutoka China mwaka 1227, mtu anakaa juu ya mto mdogo wa duara akielekea ukuta, miguu imekunjwa, mgongo umenyooka, mkono wa kushoto juu ya wa kulia na ncha za vidole gumba zikigusana kwa wepesi. Macho hayafumbwi, yanabaki nusu wazi yakitazama chini. Anayeanza huhesabu pumzi moja mpaka kumi, na akipotea anarudi kwenye moja. Aliyezoea hahesabu chochote, anakaa tu. Fikra zikija hazifukuzwi wala hazifuatwi. Dogen alishikilia kwamba kukaa huko si njia ya kuutafuta uamsho, bali ndio uamsho wenyewe ukitendeka. Shule nyingine ya Zen, ya Rinzai, huongeza fumbo, kwa mfano kama mbwa ana asili ya Buddha, na mwanafunzi hulibeba usiku na mchana mpaka hila zote za akili zimwishie.

Ramana Maharshi wa kusini mwa India (1879–1950) alifuata njia nyingine. Akiwa na miaka 16, mwaka 1896, alishikwa ghafla na hofu ya kufa, akalala chini, akajiuliza ni nini hasa kinachokufa. Wiki chache baadaye alikwenda kwenye mlima wa Arunachala, na hakuondoka hapo mpaka kifo chake. Zoezi alilofundisha linaelezeka kwa mistari miwili ingawa ni kazi ya maisha. Fikra ikizuka, uliza: imemzukia nani? Jibu ni "mimi". Kisha uliza: mimi ni nani? Swali halirudiwi kama wimbo, wala halitafutiwi jibu la maneno. Linaigeuza nia irudi nyuma, mahali ambapo "mimi" huchipuka, na kubaki hapo. Waliomjia wakitaka kuacha kazi na familia mara nyingi aliwarudisha nyumbani.

Mkristo anayedhani ukimya ni bidhaa ya Asia hana budi kukumbushwa Misri. Katika karne ya 4, wanaume na wanawake wa jangwa la Misri, Waafrika wengi wao, waliishi kwa kazi za mikono na sala fupi iliyorudiwa. John Cassian, aliyekwenda kujifunza kwao, aliandika kwamba walimpa aya moja ya kushika wakati wote, ile inayofungua Zaburi ya 70, ikimwomba Mungu aje hima kusaidia. Kwenye mlima wa Athos huko Ugiriki aya ilikuwa "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi", ikisemwa polepole pamoja na pumzi mpaka ishuke kutoka mdomoni hadi moyoni. Watawa Wabenedikto wa Peramiho na Hanga mkoani Ruvuma, na wa Mvimwa mkoani Rukwa, wamo katika mkondo huo huo: wanasoma Neno taratibu, wanalirudia, wanalisali, kisha wanaliacha lifanye kazi katika kimya. Mwenzao wa shirika hilo, John Main (1926–1982), aliwafundisha walei kukaa asubuhi na jioni kwa nusu saa au pungufu kidogo, wakilirudia moyoni neno "maranatha". Yeye mwenyewe alianza kutafakari Malaya, chini ya mwalimu Mhindu, na miaka mingi baadaye akaligundua zoezi hilo hilo katika maandishi ya Cassian.

Waislamu wana dhikri. Waqadiriyya, mojawapo ya tarika za Masufi (Waislamu wa njia ya kiroho ya ndani), ambao kuenea kwao Afrika Mashariki kulisukumwa sana na Sheikh Uways wa Barawa aliyefariki mwaka 1909, huifanya kwa sauti, kwa pumzi na kwa mwili, katika safu au duara. Wanaqshbandi, tarika nyingine, hupendelea dhikri ya kimya ya moyoni. Maneno ni yale yale ya shahada: hapana mungu ila Allah. Na ile aya inayosema kwamba Mungu yuko karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo yake ndiyo mhimili wa kazi yote.

Sasa tazama: mgongo umenyooka, pumzi imetulia, neno ni moja, fikra haifuatwi. Mpiga picha akiwapiga wote hawa picha zitafanana. Lakini muulize kila mmoja. Mkristo atakuambia anamsubiri Mtu fulani. Mwislamu anamkumbuka Mola ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemsahau. Mwanafunzi wa Ramana anamtafuta anayetafuta, na Mzeni atasema hasubiri wala hatafuti. Mtu anayemsubiri mgeni na mtu aliyekaa peke yake kwa furaha wanaweza kukaa kwenye kiti kile kile, kwa utulivu ule ule, na bado wakawa wanafanya mambo mawili tofauti.

Yanayosemwa mitaani

Dai kwamba dini zote zinasema jambo moja lina historia inayojulikana. Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu, aliipeleka Vedanta Marekani mwaka 1893, kwenye mkutano wa dini uliofanyika Chicago, na mwaka 1945 mwandishi Mwingereza Aldous Huxley alilieneza kwa kitabu wazo kwamba kuna hekima moja ya milele chini ya dini zote. Ni wazo lenye nia njema na limewafanya watu wengi kuheshimiana. Lakini heshima inayotegemea kudhani kwamba jirani yako anaamini unachoamini wewe ni heshima dhaifu. Nionavyo mimi, ni afadhali niseme kwamba Shankara na Nabii Isaya hawakubaliani, kisha nikae na kumsikiliza kila mmoja mpaka mwisho.

Habari ya "ulimwengu utakupa unachokiwaza" haitoki katika Upanishadi wala kwa Buddha. Chanzo chake kikubwa ni vuguvugu la Marekani la karne ya 19 lililofundisha kwamba fikra huponya magonjwa na huleta mafanikio. Mila zote nilizozitaja humwambia mtu alegeze tamaa. Vuguvugu hilo linamfundisha kuinoa.

Vipi kuhusu mapepo? Wengi wa nyanda za juu kusini wamezoea maombi ya sauti, mikesha na kukemea, na kwao akili iliyonyamaza inaonekana kama nyumba iliyoachwa bila mlinzi. Hofu hiyo ninaiheshimu, kwa kuwa inatoka kwa watu wanaouchukulia ulimwengu wa roho kwa uzito. Ila zoezi lenyewe halihusu kuacha mlango wazi na kuondoka. Anayehesabu pumzi yuko macho kuliko kawaida yake, na anayelishika Jina la Yesu katika kila pumzi hajaiacha nyumba. Zaburi ya 46 yenyewe inasema, "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu." Mwaka 1989 Vatikani ilitoa barua kuhusu tafakuri ya Kikristo, ikiwa na sahihi ya Kardinali Joseph Ratzinger. Ilionya dhidi ya kuchanganya mambo ovyo na dhidi ya kugeuza hisia za mwili kuwa Roho Mtakatifu, lakini haikukataza kuchukua mbinu zinazofaa kutoka mila nyingine, ili mradi maana ya Kikristo ya sala isifunikwe. Mkristo anayekataa yoga kwa hoja ana haki yake. Ninachomwomba ni kwamba asikatae na ukimya wa mababa zake mwenyewe.

Wapo pia wanaosema kwamba mambo haya ni yale yale ya mababu zetu, kwa kuwa "mtu ni watu". Sikubaliani. Wazee wa Kinyakyusa waliomtaja Kyala na wa Kihehe waliomtaja Nguluvi, na waliowaheshimu wahenga makaburini, walikuwa wakitunza uhusiano kati ya wengi: walio hai, waliokufa, ardhi na mvua. Uhusiano unahitaji pande zaidi ya moja. Ni hekima yenye hadhi yake, na haiongezewi hadhi kwa kuitwa Vedanta ya Kiafrika.

Kinachobaki ni hatari ambayo video haziitaji. Kukaa kimya kwa saa nyingi, siku nyingi, peke yako, kunaweza kumvuruga mtu, hasa aliyewahi kuugua akili au anayebeba msiba mzito, na wengine hupata hofu kali au hujihisi wametengana na miili yao. Mtu huyo hahitaji kuambiwa kwamba "nafsi yake inafutika". Anahitaji kusimamisha zoezi, kula, kulala, kuwa na watu, na kuonana na daktari. Ndiyo maana Masufi hudai sheikh mwenye silsila (mnyororo wa walimu waliomtangulia) inayojulikana, Wazeni mwalimu aliyeidhinishwa na mwalimu wake, na watawa kiongozi wa roho. Kijana wa Uyole au Mafinga anayetaka kuanza anaweza kukaa dakika kumi asubuhi, katika mapokeo anayoyajua tayari, na kumweleza mtu mzima anayemwamini kile anachokutana nacho. Mkatoliki anaweza kwenda Hanga au Peramiho, kwa kuwa kanuni ya Mtakatifu Benedikto inawaagiza watawa wampokee mgeni kama Kristo mwenyewe. Na anayevutiwa kweli na Shankara au Dogen asome maneno yao kamili, masharti yao yakiwemo, kabla ya kumlipa mtu yeyote anayemwahidi kwamba ataamka ndani ya siku saba.